STESHENI YA KWANZA YA TANGA, NA SABABU YA MOSHI YA KALE KUITWA YA KALE

Wasomaji wetu wengi wa Kilimanjaro wamepata kuulizwa na watoto swali hili: Kwa nini mahali petu huitwa Moshi ya Kale, hali mji ulioko chini uwandani huitwa Moshi tu? Jawabu lake halipatikani mlimani. Lapatikana Tanga, ufukoni mwa bahari, mahali ilipojengwa stesheni ya kwanza ya reli katika nchi hii. Basi katika somo hili twataka kueleza jinsi stesheni ile ilivyoanza, jinsi njia yake ilivyopanda polepole hata ikafika kwetu, na jinsi ilivyouhamisha mji mzima pamoja na jina lake. Twawaomba walimu walisome mbele ya wanafunzi, na wakubwa wa vijiji walitafakari, maana mambo yaliyotokea wakati ule yaweza kutokea tena mahali popote njia mpya inapopimwa.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Wageni wengine hudhani kuwa jina Moshi limetokana na moshi wa gari. Sivyo. Jina hili lilikuwako zamani za Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, naye alikufa mwaka 1891, miaka ishirini kabla gari la moshi halijaonekana Kilimanjaro.

1. SAFARI KABLA YA RELI

Zamani hizo kila kitu kilichotoka pwani kilipanda mabegani na vichwani mwa wapagazi. Misafara ilitoka Mombasa, Tanga na Pangani. Iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto ule ambao chini huitwa Pangani na juu huitwa Ruvu. Nguo, ushanga, masango na bunduki vilipanda. Pembe za ndovu zilishuka. Rindi alipata nguvu nyingi kwa sababu alijua kuipokea misafara hiyo na kuifanya ipumzike kwake. Kwa hiyo hata kabla ya reli wazee wetu walikwisha kujua kuwa mahali njia inapopita ndipo mali inapotua.

Walimu wawape wanafunzi hesabu hii. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kadiri ya ratili 60. Behewa moja linalobeba tani 10 huchukua ratili 22,400. Gawanya kwa 60, utapata watu 373, na ratili 20 zabaki chini bila mchukuzi. Tena watu hao 373 wahitaji chakula cha siku zote za safari, nacho pia chahitaji wachukuzi wake. Mtu akiisha kufanya hesabu hii ataelewa upesi kwa nini Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walitamani sana kujenga reli.

2. KWA NINI TANGA

Pangani ulikuwa mji mkubwa wa misafara, na mtu angeweza kudhani kuwa reli ingeanzia huko. Lakini mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga, na merikebu kubwa haziwezi kuingia. Tanga ina ghuba pana yenye kina, iliyokingwa na mawimbi, hata merikebu huweza kutia nanga kwa salama. Tena milima ya Usambara i karibu na Tanga, na katika milima hiyo walowezi wa Kidachi walikuwa wakifyeka misitu ili kupanda kahawa. Hao ndio waliotaka njia ya kuteremsha mazao yao baharini.

Basi mwaka 1891 iliundwa kampuni ya kujenga reli ya Usambara. Tuangalie vema jambo hili: reli hiyo haikukusudiwa kwanza kufika Kilimanjaro, wala haikukusudiwa kuchukua mazao ya wenyeji. Iliwekwa kwa ajili ya zao moja la watu wachache, na zao lenyewe lilikuwa bado halijazaa.

3. KILOMETA ARUBAINI KWA MIAKA MITATU

Kazi ilianza Tanga katika mwaka 1893. Reli, injini na madaraja ya chuma yaliletwa kwa meli kutoka Ujerumani. Upana wa njia, yaani kutoka chuma kimoja hata cha pili, ulikuwa mita moja kamili. Msitu ulifyekwa, tuta likainuliwa kwa majembe na makarai, mataruma yakalazwa, na vyuma vikatandikwa juu yake. Majina ya wakubwa wa kampuni yamo vitabuni. Majina ya Waafrika waliochimba lile tuta ni nadra kuyaona, ingawa hakuna gari lililopita pale pasipo jasho lao.

Njia ilipita Pongwe na Ngomeni, na mwaka 1896 treni zilianza kwenda mpaka Muheza, mwendo wa kilometa 40, yaani maili 25 tu. Huko kazi ikasimama, maana fedha zilikuwa zimekwisha. Tanga ilikuwa na stesheni, ilikuwa na mashine na mafundi, lakini njia yenyewe iliishia mahali ambapo mtu mwenye miguu mizuri angefika kwa siku mbili.

Kwa nini fedha zilikwisha? Sababu ya kwanza ni gharama ya kujenga katika nchi ya mvua nyingi na matope. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: hapakuwa na mzigo wa kutosha. Kahawa ya Usambara haikustawi kama walowezi walivyotumaini. Injini hula kuni na mafundi hula mshahara hata behewa likiwa tupu. Reli isiyo na mzigo ni kama mfereji uliochimbwa vizuri hali chanzo chake kimekauka. Wapita njia huusifu, lakini migomba haipati maji.

Mwaka ule ule wa 1893 palitokea jambo lililoonekana dogo. Dokta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Mingi ilikufa njiani, na iliyosalia ikashika mizizi karibu na Pangani ni 62 tu. Miche hiyo michache ndiyo iliyokuja kuiokoa reli, kwa maana katani ilijaza mabehewa ambayo kahawa ya Usambara ilishindwa kuyajaza. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea kuifuata njia, Ngomeni, Muheza, hata Korogwe.

4. SERIKALI YAINUNUA RELI

Mwaka 1899 Serikali ya Kidachi iliinunua reli kutoka kwa kampuni. Ndipo kazi ikaendelea, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, kilometa 84 kutoka Tanga. Mwaka 1905 ilifika Mombo, kilometa 129, chini ya milima ya Usambara Magharibi.

Hapa yafaa tulinganishe na majirani. Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, yaani miaka mitatu baada ya kazi kuanza Tanga. Mwisho wa mwaka 1901 reli hiyo ilikuwa imekwisha kufika Kisumu katika ziwa la Victoria, mwendo wa zaidi ya kilometa 930. Wakati huo reli ya Tanga ilikuwa haijafunguliwa hata Korogwe. Tofauti haikuwa katika ujuzi wa mafundi. Waingereza walitumia fedha za Bunge lao na watenda kazi maelfu kwa maelfu kutoka Bara Hindi; Wadachi walianza kwa mfuko wa kampuni moja.

Matokeo yake yalionekana kwetu. Mzigo wa Kilimanjaro uligeuka ukaelekea Voi, ambako reli ya Uganda ilipita, kwa sababu Voi ilikuwa karibu kuliko kichwa cha reli ya Tanga. Bidhaa zilizotoka katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi zikawa zalipa nauli kwa Waingereza. Jambo hili liliwaudhi wakubwa wa Tanga na wa Dar es Salaam, nalo ni sababu mojawapo iliyowafanya waamue kuisukuma reli mpaka mlimani.

5. RELI YAFIKA MOSHI, NA MJI WASHUKA

Mwaka 1909 njia ilifika Buiko. Kutoka hapo ilipita kandokando ya milima ya Upare, Same na Lembeni, ikavuka uwanda wa Kahe, na mwaka 1911 vyuma vilifika Moshi, kilometa 352 kutoka Tanga. Mwaka 1912 njia yote ilifunguliwa kwa safari za kawaida. Tangu jembe la kwanza kupigwa Tanga ilikuwa imepita miaka kumi na minane.

Lakini ni Moshi gani iliyofikiwa? Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Moshi iliyojulikana na wote ilikuwa juu, katika nchi ya Rindi na mwanawe Meli. Mangi Meli aliwashinda Wadachi vitani mwaka 1892, akashindwa nao mwezi wa Agosti 1893, mwaka ule ule reli ilipoanza Tanga. Baada ya hapo Wadachi walijenga boma lao hapo juu, na kutoka hapo walitawala mlima wote. Tarehe 2 Machi 1900 Meli na wakubwa wengine wa Kilimanjaro walinyongwa hapo hapo Moshi, wakishitakiwa kuwa walipanga kuasi. Kwa hiyo Moshi ya juu ilikuwa na boma, ilikuwa na soko, ilikuwa na kanisa la Walutheri wa Leipzig huko Kidia, tena ilikuwa na kaburi la uhuru wake.

Gari la moshi halikuweza kufika huko. Injini huvuta mzigo mkubwa juu ya mwinuko mdogo tu. Mlima ukiwa mkali magurudumu huteleza juu ya chuma. Kutoka uwandani mpaka boma la juu ni kupanda zaidi ya futi 1,000 kwa mwendo mfupi, na kati yake pana makorongo ya mito. Kwa hiyo mafundi waliweka stesheni chini, katika nchi ya vichaka ambako wazee walishuka kuwinda au kulima mashamba ya mahindi na ulezi, wasikojenga nyumba kwa sababu ya joto na homa.

Punde si punde maduka yalishuka kuifuata stesheni. Boma nalo likashuka. Wadachi waliuita mji wa chini Moshi Mpya, na nchi ya juu ikapata jina la Moshi ya Kale. Hata miaka ilipopita, neno “Mpya” likadondoka kama jani kavu, na mji wa chini ukabaki Moshi peke yake. Neno “ya Kale” halikudondoka. Mwenye jina akalazimika kujieleza, na aliyelipokea hakujieleza tena. Katika mambo hayo yote wenyeji wa juu hawakuitwa barazani kuulizwa stesheni iwekwe wapi, wala ardhi ya uwandani itagawanywaje.

6. STESHENI WAKATI WA VITA

Novemba 1914 dunia nzima ilisikia habari za Tanga. Tarehe 2 merikebu za Waingereza zilitokea ghubani zikiwa na askari kadiri ya 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi. Mjini askari wa Kidachi walikuwa wachache mno. Jeshi lao kubwa lilikuwa Kilimanjaro, likilinda mpaka wa Taveta. Waingereza walikawia kushuka, na katika muda huo kamanda wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, aliwapakia askari wake katika treni huko Moshi na kuwateremsha mpaka Tanga, kundi baada ya kundi. Njia iliyohitaji majuma mawili na zaidi kwa miguu, askari waliipita kwa muda mfupi, wakafika wakiwa na nguvu za kupigana.

Vita vikubwa vilipiganwa tarehe 4. Mahali ardhi ilipokatwa ili kupitisha reli palikuwa kama handaki la kujikingia. Nyuki nao, waliochokozwa na risasi, waliwashambulia askari bila kuuliza ni wa upande gani. Tarehe 5 Waingereza walirudi merikebuni, wakaacha ufukoni bunduki, mizinga ya bombom na risasi kama 600,000. Wadachi waliokuwa vitani walikuwa kadiri ya 1,000 tu, na sehemu kubwa ya hao walikuwa askari Waafrika. Wengi huwataja nyuki wanaposimulia vita hivi. Sisi twasema kuwa pasipo ile treni ya Moshi nyuki peke yao wasingaliokoa mji.

Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, na Julai wakaingia Tanga. Wadachi waliporudi nyuma walivunja madaraja na kung’oa vyuma. Katika vita hivyo Waingereza walijenga kwa haraka njia nyingine kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe, kwa kuchukua majeshi. Njia hiyo ya vita ikaja kuwa njia ya biashara, na mzigo wa Kilimanjaro ukapata milango miwili ya bahari: Tanga na Mombasa.

7. KAHAWA YA WENYEJI NA MIAKA ILIYOFUATA

Baada ya vita Wachaga wengi walipanda kahawa katika vihamba vyao. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, KNPA, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika kiitwacho KNCU. Basi reli iliyoanzishwa kwa ajili ya kahawa ya walowezi wa Usambara, ambayo haikustawi, ikaja kuchukua kahawa ya wenyeji wa Kilimanjaro, ambayo ilistawi. Kamba ilisukwa kwa mnyama mmoja ikafunga mwingine.

Njia iliendelezwa ikafika Arusha mwaka 1929. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa katika shirika moja na zile za Kenya na Uganda. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia kutoka Mnyusi mpaka Ruvu, na kwa mara ya kwanza reli ya Tanga ikashikana na Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikabaki na reli yake. Barabara za lami zikachukua mzigo, na katika miaka ya 1990 treni za abiria za kwenda Moshi zilikoma. Majani yakaota kati ya mataruma, na watoto wakakua bila kusikia king’ora. Hata Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha.

8. MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, reli haiishi kwa sifa. Huishi kwa mzigo. Kampuni ya 1891 ilijenga stesheni kabla ya kuwa na kitu cha kupakia, ikafilisika. Kijiji kinachoomba njia na kijiulize kwanza kitapitisha nini juu yake.

Pili, stesheni huvuta mji kama maji yavutavyo migomba. Mfereji haumwangalii mzee wala Mangi. Hunywesha kihamba kilicho karibu nao. Moshi ya Kale ilikuwa na historia, ilikuwa na boma na jina, lakini vyote hivyo havikuweza kushindana na jukwaa moja la kupakilia mizigo. Kwa hiyo wakati wa kusema ni kabla vigingi vya wapimaji havijapigwa. Vikiisha kupigwa, baraza hubaki la kulalamika tu. Wakubwa wa vijiji na waulize mapema: njia itapita wapi, kituo kitakuwa wapi, ardhi iliyo kando yake itakuwa ya nani?

Tatu, si kila kilichoachwa juu kilikuwa hasara. Mji uliposhuka, vihamba vilibaki, mifereji ilibaki, kanisa na shule vilibaki; na watu wa juu hawakutawanywa kama wale ambao nchi yao ilichukuliwa kwa mashamba ya mkonge. Neno “ya Kale” laweza kusomwa kuwa ni dharau. Laweza pia kusomwa kuwa ni cheti cha kuzaliwa. Ni shauri la wenyeji kulisoma wapendavyo, mradi wawe na habari kamili mikononi.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa Tanga, wa Upare na wa Kilimanjaro wafanye jambo moja. Kila stesheni iliyoko njiani ina wazee waliosimuliwa na baba zao jinsi tuta lilivyoinuliwa. Wanafunzi na watumwe wakaandike maneno hayo katika madaftari, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe, kabla msimuliaji hajaondoka.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini reli ilianzia Tanga wala si Pangani?
2. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni kilometa 40, nazo zilijengwa kwa miaka mitatu. Kama mwendo ungalikuwa huo huo, kilometa 352 za kufika Moshi zingalichukua miaka mingapi?
3. Taja sababu mbili zilizofanya kampuni ya kwanza ishindwe.
4. Stesheni ya Moshi ilisaidiaje Wadachi katika vita vya Tanga?
5. Chora ramani ya njia kutoka Tanga mpaka Arusha, uonyeshe Muheza, Korogwe, Mombo, Buiko, Same, Kahe na Moshi. Kisha weka alama mahali ilipo Moshi ya Kale, ueleze kwa maneno yako kwa nini njia haikupita hapo.